Anaziba masikio kila tukianza kumwombea

Barazani kwa Mama Mkubwa

Barua ya safari hii ilikuja ndefu. Nimeipunguza kidogo na kuondoa majina, yaliyobaki ni maneno yake mwenyewe.

Mama Mkubwa, shikamoo.

Ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala. Asubuhi nauza vitumbua, jioni chapati. Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni Tunduma, kwa mwezi tunamwona siku nne au tano. Ninayekuandikia habari zake ni wa pili, wa kiume, ametimiza miaka 6.

Alizaliwa salama. Kutembea alitembea mapema kuliko dada yake. Alisema "mama", alisema "maji", alisema "toka" akifukuza kuku. Alipopita mwaka na nusu yale maneno yakaanza kupotea moja moja, mpaka siku moja nikashtuka kwamba nina wiki nzima sijaitwa. Ukimwita hageuki. Anacheza na vizibo vya soda, anavipanga kwenye kizingiti cha mlango, vyekundu peke yake, vya kijani peke yake, na ukisogeza kimoja atajua hata kama hakuwepo. Chakula chake ni wali mkavu, mchuzi ukigusa punje tatu sahani nzima ndiyo basi. Usiku anaamka saa nane na hiyo ndiyo asubuhi yake. Jirani akiwasha mashine ya kusaga, anaziba masikio na kulia mpaka anatapika. Pikipiki ikipita karibu, vilevile.

Hospitali walimpima masikio wakasema anasikia vizuri. Baadaye daktari akasema ni usonji, neno ambalo sikuwahi kulisikia. Nikamuuliza dawa yake ipi, akasema ya kuuondoa hakuna, ila kuna mazoezi ya kumsaidia mtoto na kumsaidia mzazi. Nililia kwenye daladala mpaka konda akakataa nauli yangu. Mwaka jana kikaja na kifafa juu yake. Akaandikiwa vidonge, anakunywa asubuhi na jioni, na tangu Novemba hajaanguka.

Kilichonileta kwako ni hiki. Kanisani kwetu kwa zamani, Jumapili moja alipiga kelele wakati wa mahubiri, mzee wa kanisa akanijia, kwa upole kabisa, akasema mama, huyu mtoto anawasumbua watu wa Mungu. Sikurudi tena. Rafiki yangu akanipeleka kwenye huduma moja ya maombezi, na sasa nina miezi 8 huko. Mtumishi alimtazama mwanangu mara moja akasema hilo ni pepo bubu, akanisomea Marko sura ya 9. Tukaanza maombi ya kufunguliwa. Kila tukianza kumwombea, mtoto anaziba masikio na kupiga mayowe, na mtumishi anasema mnaona, pepo halitaki kusikia jina la Yesu. Mwezi uliopita walimshika wanaume watatu, wawili mabegani, mmoja miguuni, wakampaka mafuta mpaka yakamwingia machoni. Alimuuma mhudumu mkononi, akajikojolea. Mimi nilikuwa nimesimama palepale nimeinua mikono nasema amina.

Sasa mtumishi anasema kinachozuia ni imani yangu, ni nusu nusu. Kwamba siwezi kumwomba Mungu huku mkononi nimeshika vidonge. Kabla ya mkesha wa mwisho wa mwezi anataka mimi na mtoto tufunge kavu siku tatu, vidonge niviache kama hatua ya imani, na nipande mbegu ya shilingi 300,000. Hizo ni hela zangu za kikoba, tunagawana wiki ijayo.

Mama mkwe naye anasema ni chanjo ya mwaka na nusu ndiyo ilimharibu. Mdogo wake ana miezi 10 na ile ya miezi 9 sijampeleka mpaka leo. Mume wangu anasema kwao hawajawahi kuwa na mtoto wa namna hii, halafu ananyamaza.

Liko moja sijamwambia mtu. Mimi nilikuwa mwombaji, wenzangu walikuwa wananitafuta niwaombee. Siku hizi nikipiga magoti sina la kusema. Naogopa mtumishi ameona kweli. Kuna usiku alilia tangu saa nane mpaka kumekucha, nikamwambia Mungu atuchukue mimi na yeye, yaishe. Nilisema kwa sauti. Mama gani anaomba hivyo? Na mtoto huyuhuyu nikimwogesha huwa anavuma wimbo wa sadaka wa kanisa letu la zamani, mwanzo hadi mwisho, hakosei. Kanisa ambalo hajakanyaga muda wote huu.

Naomba unijibu. Imani yangu ni haba? Na mkesha, niende?

Muuza Vitumbua, Mbagala

Marahaba, binti yangu.

Naanza na vidonge kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Usiviache, hata dozi moja. Kifafa kikikatiwa dawa ghafla hurudi kwa nguvu kuliko kilivyokuwa, na mtoto anaweza kushikwa na degedege isiyokatika. Ikipita dakika 5 hiyo ni dharura, mbio hospitali, kwa sababu inaweza kuua au kuacha ubongo umeumia. Hata daktari akiamua kuviondoa huvipunguza kidogo kidogo kwa wiki na miezi. Na kufunga kavu siku tatu kwa mtoto wa miaka 6, kwa joto la Mbagala, ni kumkausha. Halafu umpeleke mkesha, wakati kukosa usingizi peke yake kunatosha kumwangusha mwenye kifafa. Kwa hiyo mkesha hapana. Mbegu hapana. Umeandika mwenyewe kwamba tangu Novemba hajaanguka. Umeliandika kwa mstari mmoja, ukapita. Mimi niliweka barua chini pale nikamshukuru Mungu kwa niaba yako.

Sasa Marko 9, maana naona sura hiyo imegeuzwa fimbo ya kukuchapia. Fungua Biblia yako, usinisikilize mimi. Yesu alipofika, wanafunzi walikuwa wamekwisha kushindwa kumponya mtoto wa yule baba, wanabishana na waandishi, umati umewazunguka na mtoto yuko katikati. Yesu hakuanza kwa kumkemea mtoto wala kumkemea mzazi. Alimuuliza baba swali ambalo nimelisikia miaka 31 katika vyumba vya madaktari: hali hii imempata tangu lini? Akasikiliza jibu. Baba akaeleza, tangu utoto, humwangusha motoni na majini, hukakamaa na kutoka povu. Wewe unayemjua mwenye kifafa soma mistari hiyo uone kama hujawahi kuyaona hayo kwenye mkeka wako. Halafu baba huyo akakiri kwa sauti, mbele ya watu wote, kwamba anaamini na papo hapo haamini, akaomba asaidiwe na ile sehemu isiyoamini. Nusu nusu, kama wewe. Hakurudishwa nyumbani akailete iliyobaki.

Baadaye ndani ya nyumba wanafunzi wakauliza mbona sisi tumeshindwa. Jibu la kuomba, na Biblia nyingine huongeza kufunga, walipewa wao, waliokuwa wanajaribu kuponya. Mtoto hakuambiwa afunge, na mzazi wake pia hakuambiwa. Kwa hiyo kama sura hiyo inamtaka mtu akae siku tatu bila kula wala kunywa, mtu huyo ni mtumishi. Fedha nimezitafuta humo, nimesoma mara mbili leo asubuhi nikiwa na miwani, sijaziona.

Tuje kwenye masikio. Hapo ulikuwa na jibu mkononi na hukujua. Unasema akiombewa anaziba masikio na kupiga mayowe, na hiyo ndiyo dalili ya pepo. Lakini juu kidogo umeandika kwamba anafanya hivyohivyo mashine ya kusaga ikiwashwa, na pikipiki ikipita. Pepo gani hilo linaloogopa jina la Yesu, mashine ya kusaga na bodaboda kwa kipimo kimoja? Wengi wa watoto wenye usonji sauti huwafikia zikiwa ghafi. Mimi na wewe tukikaa sokoni, ubongo unatuondolea makelele, tunabaki na sauti ya tunayezungumza naye. Kwao yote huingia pamoja na yote yanauma. Sasa mpeleke mtoto huyo chini ya spika zile zinazofika kichwani mwa mtu mzima, kinanda, ngoma, watu mia wanaomba kwa pamoja, na mikono ya wanaume watatu mwilini mwake, na mafuta machoni. Hana neno hata moja la kusema niacheni. Alikuwa na meno, akayatumia.

Kuhusu amina uliyoisema. Sitakwambia haikuwa kitu, maana naona haijakutoka moyoni na wala sitaki itoke haraka. Mtoto aliumia na wewe ulikuwepo. Ulikuwa hujalala miezi, umezungukwa na watu uliowaamini, wote wameinua mikono. Kinachotakiwa ni usimrudishe pale, na umwambie pole. Mwambie kwa maneno, mchana, kwa sauti ya chini, mkiwa kwenye vizibo vyenu. Watu hudhani mtoto asiyesema hasikii. Wako alipimwa, anasikia.

Na usidhani nakusema kutoka juu. Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Nikiwa bado kijana aliletwa mtoto wa miaka 2 hivi, haitikii akiitwa, anazungusha mfuniko wa sufuria sakafuni bila kuchoka. Mama yake aliniuliza mara tatu. Nilimjibu, unamdekeza, wavulana huchelewa, atasema tu. Alirudi mtoto ana miaka 6. Mtoto yule alipoteza miaka minne ya kusaidiwa kwa kinywa changu, na mimi nilikuwa na sare nyeupe na daftari, sikuwa na mafuta ya upako. Kwa hiyo anayemwona mtoto mara moja na papo hapo akajua ana nini, namwogopa, awe mchungaji au muuguzi.

Usonji ni namna ubongo unavyojijenga tangu mtoto yuko tumboni. Sehemu kubwa hutokana na yale tunayorithi katika damu, kwa hiyo hilo la "kwetu hawapo" mume wako alipime upya. Katika koo nyingi walikuwepo, wakaitwa mabubu, wakaitwa wakaidi, wakawekwa chumba cha uani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Ukizingatia wingi wa watu wa Mbagala, wako hawezi kuwa peke yake. Wengine wako nyuma ya mapazia.

Wala usifikiri kumlaumu mama kumeanzia kwenye huduma hiyo. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii, akawaeleza vizuri mpaka leo tunawatambua. Lakini kwa miaka kama 20 iliyofuata wasomi wakubwa wa huko walishikilia kwamba kinachomfanya mtoto awe hivyo ni ubaridi wa mama yake. Waliwaita akina mama majokofu. Fikiria umekesha na mtoto, unakwenda kwa daktari, unaitwa jokofu. Aliyeuvunja uzushi huo zaidi ya wote ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. Mwaka 1964 alitoa kitabu akionyesha kwamba jambo hili ni la mwili na ubongo, halimhusu mama na mapenzi yake. Ilibidi atokee mzazi.

Sisi wa Pwani tuna habari ya karibu zaidi. Nilipokuwa mtoto degedege ilikuwa ni ndege, au jini kwa umbo la ndege. Mtoto akikakamaa hapelekwi hospitali, eti akichomwa sindano atakufa. Alifukizwa, wengine kwa moshi wa kinyesi cha tembo. Wengi walizikwa, na mama zao wakaambiwa hawakuwahi kwa mganga, au hawakuamini vya kutosha. Leo kila mama Mbagala anajua kwamba mtoto akichemka na kukakamaa huenda ni malaria, anakimbilia kipimo, na usiku anachomeka chandarua. Je, misikiti na makanisa yamebaki matupu kwa sababu tumejua?

Chanjo, kwa kifupi. Uvumi huo ulipata nguvu mwaka 1998, daktari mmoja Uingereza alipochapisha habari za watoto 12 kwenye jarida kubwa la tiba. Ilikuja kugundulika hazikuwa za kweli. Mwaka 2010 jarida likaifuta makala hiyo na yeye akafutwa katika orodha ya madaktari. Baadhi ya watoto wenye usonji hupoteza maneno kati ya mwaka na nusu na miaka miwili, na chanjo ya pili ya surua hutolewa umri huohuo, kwa hiyo mambo mawili yanakutana njiani na moja linabeba lawama. Mdogo mpeleke wiki hii, hajachelewa. Surua inaua. Na kwa kuwa kaka yake ana usonji, mtazame kwa karibu: akifika mwaka na nusu hageuki akiitwa, wala hakunyooshei kidole kukuonyesha kitu, useme kliniki siku hiyohiyo. Ukikutana na muuguzi wa aina yangu, omba mwingine.

Sasa lile ulilosema kwa sauti usiku. Mama gani anaomba hivyo? Nabii Elia aliomba hivyo. Alikuwa ametoka kushusha moto mlimani, mtu wa imani kuliko sisi wote, akakimbilia jangwani, akakaa chini ya mretemu akamwambia Mungu yatosha, chukua roho yangu. Malaika hakuja na mahubiri. Hakumuuliza imani yako imekwenda wapi. Alimgusa akamwambia amka ule, na pale kichwani pake kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baada ya siku nyingi, alipokuwa ameshapumzika.

Wewe unaamka saa nane na mtoto, saa kumi uko kwenye jiko la vitumbua, jioni una chapati, na mgongoni una wa miezi 10. Mtu wa namna hiyo akipiga magoti akakosa maneno, mimi siiti upungufu wa imani, naita usingizi. Kwa hiyo kabla ya maombi yoyote tafuta usiku mmoja kwa wiki wa kulala. Mdogo wako, wifi, mama wa jirani unayemwamini, hata kama utamlipa kwa vitumbua. Na kliniki mwambie daktari habari ya saa nane, mweleze kabisa. Wazazi wengi huizungumzia kifafa na kunyamazia usingizi, wakati yako ya kufanya. Lakini nisikilize vizuri hapa: kama wazo lile la kuondoka nyote wawili litakuja tena, na likawa si la kumwambia Mungu tu bali mkono wako unatafuta namna, mwamshe mtu usiku huohuo, mpe mtoto, na nenda hospitali ukaseme hivyohivyo ulivyoniandikia.

Uliuliza kama imani yako ni haba. Binti yangu, mimi sina chombo cha kuipimia, na mtumishi pia hana. Naona yeye anaichukulia kama LUKU: ukiingiza tokeni za kutosha taa itawaka, isipowaka basi hukununua za kutosha, rudi dukani. Kwa hesabu hiyo utanunua mpaka uuze jiko. Omba mwanao aseme, na mimi nitaomba pamoja nawe, sioni ubaya. Ninachokusihi ni usimwombee kana kwamba kuna mtoto mwingine, mzima, anayesema, aliyefichwa nyuma ya huyu, na huyu ni mlango tu wa kubomoa. Nyuma yake hakuna mtu. Mwanao ni huyo wa vizibo.

Na kwenye vizibo hivyo ndiko pa kuanzia. Kaa naye kizingitini, usimwelekeze. Akipanga, nawe chukua kizibo cha rangi anayotaka, kishike, ngoja. Hesabu moyoni mpaka kumi, inachosha, ngoja tu. Siku atakapotazama mkono wako, au akauvuta, mpe papo hapo na utaje rangi yake. Kisha chora kikombe kwenye kipande cha boksi. Akitaka maji, saidia mkono wake uchukue kipande hicho akupe, nawe mpe maji hapohapo bila kumwambia "sema maji". Baada ya wiki kadhaa chora na sahani ya wali (bila mchuzi, tunajua). Atakapogundua kwamba kipande cha boksi kinaleta maji, mayowe hupungua, kwa sababu mayowe mengi ni maombi yaliyokosa njia. Picha hazimzuii mtoto kusema, usitishwe na hilo.

Shule, umri wake umefika. Msimbazi Mseto kule Ilala wana kitengo cha watoto wenye usonji. Nenda pia kwa afisa elimu maalumu wa manispaa yenu, umuulize palipo karibu nawe. Usiombe kama msaada, sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma. Na ukiambiwa kanisa haliwezi kufanya lolote kwa watoto hawa isipokuwa kuwakemea, wambie Irente, kule Lushoto, Walutheri wanaendesha shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Huko watoto wanafundishwa kuvaa, kula, kusema na kusubiri zamu.

Mume wako umenipa mistari miwili tu ya kumjua, sitamhukumu. Anaponyamaza huenda anaogopa. Akirudi safari ijayo muombe siku moja, aende mwenyewe na mtoto kwa daktari, akaulize maswali yake bila wewe kuwa mkalimani.

Hela ya kikoba iweke. Toa kidogo, nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue vile vizuia kelele vinavyovaliwa masikioni na mafundi wanaokata vyuma. Mzoeshe nyumbani dakika chache kila siku, uviweke karibu na vizibo mpaka avizoee. Mashine ya jirani ikiwashwa, mvalishe.

Nimebakiza kanisa. Ulinieleza wimbo anaouvuma bafuni kama kitu cha kukuumiza, na ni kweli kinauma. Lakini mimi nimeona kingine. Amekaa miezi 8 kwenye huduma ile, wiki kwa wiki, na hukuniambia kama anavuma wimbo wa kule. Anavuma wa kanisa mlikofukuzwa kwa upole, na hakosei. Mtoto asiyesema amekujibu swali la kanisa gani, tena anakujibu kila ukimwogesha.

Katikati ya wiki nenda kwa mchungaji wa zamani, peke yako, ukamweleze usonji ni nini kama ulivyonieleza mimi. Yule mzee naye awepo kama inawezekana. Waambie hutaki maombi maalum, hutaki kuitwa mbele, unataka nafasi ya mwisho karibu na mlango, na ruhusa ya kutoka na kuingia bila macho ya watu. Wakikataa, niandikie, tutatafuta pengine. Wakikubali, nenda ibada ya kwanza ya asubuhi, ile isiyo na kwaya tatu na spika. Vizibo mfukoni, vizuia kelele shingoni, vidonge ameshakunywa. Wimbo wa sadaka ukianza, wewe usiimbe. Msikilize yeye.